Mwanao anataka vinia za meno? Anza na sababu, kauri baadaye

Kabla familia haijauza miti au kuvunja kibubu kulipia meno ya kauri, ijue jambo moja: jino likishachongwa halirudi. Na mara nyingi, kinachomtesa mtoto kina tiba nyepesi zaidi.

Katika familia nyingi siku hizi, ombi hili huanzia kwenye simu. Kijana anamfuata mama yake jikoni na kumwonyesha video ya msanii anayecheka, meno meupe yamejipanga kama punje za hindi bichi.

"Mama, hebu ona. Na mimi nataka kutengeneza meno hivi."

Mama anaendelea kusonga ugali. "Meno yako yana nini, mwanangu? Si unakula nayo vizuri tu?"

Mazungumzo yanaishia hapo. Kijana anaondoka na simu yake akiamini hakueleweka, na pengine ni kweli. Kwa mzazi wengi wa Igowole, jino ni la kutafunia. Kwa mtoto wa miaka 16, jino ni la kuonekana. Mtoto anayeonea haya meno yake ni nadra kusema hivyo waziwazi. Anaziba mdomo kwa kiganja anapocheka. Anakwepa kupigwa picha. Mgeni akimsalimu, anaitikia "kamwene" huku midomo ameibana. Darasani hanyooshi mkono hata pale anapolijua jibu.

Hilo linastahili sikio la mzazi. Lakini kumsikiliza mtoto ni jambo moja, na kukubali kumlipia vinia ni jambo jingine. Katikati yake kuna maswali ambayo video za simu hazijibu.

Vinia ya mbao na vinia ya jino

Wilayani Mufindi neno vinia si geni. Kwenye viwanda vya Mafinga, gogo la paini au mlingoti huzungushwa kwenye mashine yenye kisu kirefu, likamenywa kama chungwa hadi litoke tabaka jembamba la mbao. Tabaka hilo ndilo vinia. Hugundishwa moja juu ya jingine kutengeneza plaiwudi, au hubandikwa juu ya ubao wa kawaida ili kabati lionekane la mbao ya thamani.

Vinia ya meno ni wazo lilelile. Ni gamba jembamba la kauri, kwa kawaida lenye unene usiofika milimita 1, linalotengenezwa kwa umbo na rangi inayotakiwa, kisha hugundishwa upande wa mbele wa jino. Huficha rangi mbaya, ncha iliyovunjika, au mwanya. Halisogezi jino lililopinda, haliponyi jino lililotoboka, na halitibu fizi inayotoa damu. Ni sura mpya juu ya jino lilelile.

Kuna tofauti kubwa na kabati. Ili gamba likae vizuri bila jino kuonekana nene, daktari kwa kawaida hupunguza sehemu ya mbele ya jino, takriban nusu milimita. Kinachopunguzwa ni enameli, tabaka la nje la jino, ambalo ni gumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa binadamu. Mfupa ukivunjika huunga. Ngozi ikichubuka huota nyingine. Enameli haioti tena, kwa sababu chembe hai zilizoitengeneza hutoweka jino linapochomoza kinywani.

Zipo vinia zinazowekwa bila kuchonga, au kwa kuchonga kidogo sana, lakini si kila jino linafaa kwa njia hiyo. Kwa wengi, kijana akichongwa leo atahitaji kitu cha kufunika meno hayo maisha yake yote. Vinia ya kauri iliyowekwa vizuri na kutunzwa hudumu miaka 10 hadi 15, nyingine zaidi. Aliyewekewa akiwa na miaka 20, hadi atakapofika 65, huenda akazibadilisha mara 3 au 4. Kila mara ni gharama upya, na mara nyingi ni kuchongwa kidogo tena.

Za kwanza zilikuwa za kuvua

Watu wachache wanajua kwamba vinia za mwanzo zilibandikwa asubuhi na kutolewa jioni. Karibu miaka 100 iliyopita, Charles Pincus, daktari wa meno wa California nchini Marekani, aliwatengenezea waigizaji wa Hollywood magamba ya kuvaa mbele ya meno wakati wa kurekodi filamu. Mmoja wao alikuwa mtoto Shirley Temple, ambaye meno yake ya utoto yalikuwa yakidondoka kama ya mtoto mwingine yeyote, huku kamera zikitaka awe na meno kamili. Magamba hayo yalishikizwa kwa unga wa kubandikia meno bandia. Kazi ikiisha yalivuliwa, na mtoto akabaki na mapengo yake ya kawaida.

Kugundisha moja kwa moja kulikuja baadaye. Mwaka 1955 Michael Buonocore, naye wa Marekani, alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi kwa muda mfupi, plastiki ya kuzibia meno huishika vizuri zaidi. Katika miaka ya 1980 ikapatikana njia ya kuifanya kauri nayo ishikane hivyo na jino. Tangu hapo vinia haikuwa tena vazi la kuvua jioni. Anayetazama video ya sekunde 30 anaona meno ya kabla na meno ya baada. Haoni meno yaliyochongwa katikati.

Kwanza ijulikane meno yamekuwaje

Swali la kwanza la daktari mzuri wa meno huwa ni kwa nini jino limekuwa hivyo. Rangi na sura ya jino vina sababu zake, na kila sababu ina tiba yake. Mzazi anaweza kuanza uchunguzi huo nyumbani, mtoto akiwa amekaa mlangoni penye mwanga.

Kama meno yote yana ukungu wa kahawia, hasa karibu na fizi na kwa upande wa ndani, huenda ni rangi ya nje tu. Igowole imezungukwa na mashamba ya chai, na chai ya rangi hunywewa tangu asubuhi hadi usiku. Chai na kahawa huacha rangi juu ya jino, na kwa watu wazima sigara na ugoro hufanya zaidi. Pale ambapo utando wa chakula umegandamana ukawa mgumu, huitwa ugaga. Rangi hii na ugaga huondolewa kwa kusafishwa na mtaalamu, mara nyingi kwa ziara moja. Wapo vijana ambao wakishasafishwa hawataki tena kusikia habari za vinia, kwa sababu meno waliyokuwa wakiyatafuta yalikuwa chini ya ugaga.

Kama madoa meupe, ya njano au ya kahawia yanalingana upande wa kulia na wa kushoto, na yamekuwapo tangu meno ya kudumu yalipoota, huenda ni athari ya madini ya floraidi. Kiasi kidogo cha floraidi hulinda meno. Ikizidi katika miaka ya kwanza 8 ya maisha, wakati meno ya kudumu yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya fizi, enameli hutoka na kasoro. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Baadhi ya vyanzo vya maji katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga huvuka kiwango hicho, vingine mara nyingi zaidi, na ndiyo maana Ngurdoto, mkoani Arusha, kuna kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi kwenye maji, ambako mkaa wa mifupa umetumika kuyachuja.

Mufindi si eneo linalotajwa kwa tatizo hilo. Lakini watu huhama. Mwalimu, askari au mfanyabiashara aliyehamia Igowole akitokea Arumeru huja na watoto waliokunywa maji ya kule, na meno yao yanabaki na kumbukumbu ya maji hayo. Mtoto wa namna hii huchekwa darasani kwamba hapigi mswaki, wakati anapiga mswaki kuliko wanaomcheka. Mzazi amweleze hivyo, na ikibidi amweleze na mwalimu wa darasa.

Madoa mepesi ya floraidi yanaweza kupunguzwa kwa kusuguliwa na dawa maalumu hospitalini, au kwa kung'arishwa chini ya uangalizi wa daktari. Madoa mazito, yenye enameli iliyomomonyoka, huhitaji kufunikwa. Hapo ndipo vinia ina nafasi yake halali, kwa mtu mzima aliyekwisha kuchunguzwa.

Kama ni jino moja tu limekuwa la kijivu au jeusi, mzazi akumbuke kama mtoto aliwahi kuanguka au kugongwa. Jino lililogongwa linaweza kufa ndani polepole, bila maumivu, hadi usaha utokee kwenye mzizi. Hilo ni tatizo la afya, linahitaji picha ya eksirei, na pengine kutibiwa mzizi. Kulifunika kwa kauri bila kulitibu ni sawa na kupaka rangi ukuta ambao mchwa wanaula kwa ndani.

Kama meno yana michirizi ya kijivu au kahawia iliyopita mlalo, daktari atauliza kuhusu dawa. Dawa za jamii ya tetrasaiklini zikitumiwa na mjamzito, au na mtoto wa chini ya miaka 8, zinaweza kuacha rangi ndani ya jino. Mswaki hautaiondoa.

Na kama jino la chonge halikuota, au limeota dogo na limepinda, huenda simulizi inarudi nyuma hadi utotoni. Tangu miaka ya 1980 imesambaa nchini imani ya "meno ya plastiki": mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, uvimbe mweupe kwenye ufizi hulaumiwa, naye hupelekwa kwa mtu wa kuukata. Kinachokatwa ni jino la chonge ambalo bado halijaota. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi au kupata maambukizi, na miaka kadhaa baadaye jino la kudumu likatoka na kasoro au lisitoke kabisa. Kuharisha na homa vinatibiwa kituo cha afya. Wembe mdomoni hautibu.

Kwa nini asubiri afike utu uzima

Hata sababu ikijulikana, umri una neno lake. Madaktari wengi wa meno hawapendi kumwekea vinia za kauri mtoto wa chini ya miaka 18, na wana hoja.

Ndani ya kila jino kuna sehemu laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kwa kijana sehemu hiyo bado ni pana na iko karibu na uso wa jino, kwa hiyo kuchonga kunaweza kuifikia au kuijeruhi, na jino likaishia kuuma au kufa. Fizi nazo hazijatulia. Zinaendelea kurudi nyuma taratibu kadiri jino linavyomaliza kuota, na ukingo wa kauri uliokuwa umefichika unaanza kuonekana. Taya bado inakua. Na kijana bado anacheza mpira, anaendesha pikipiki, na anabadilisha anachokipenda. Mwanya unaomkera leo umesifiwa kuwa urembo tangu enzi za bibi zake, na hakuna ajuaye mitindo itageukia wapi akifika miaka 25.

Wakulima wa miti wa Mufindi wanaijua hesabu hii. Shamba la miti likivunwa changa kwa sababu ya shida ya wiki moja, fedha hupatikana, lakini thamani iliyokuwa inakuja imepotea. Jino la miaka 15 nalo halijakomaa.

Kusubiri hakuna maana ya kumwacha mtoto ateseke. Jino lililovunjika ncha linaweza kujazwa kwa kompositi, yaani plastiki ngumu yenye rangi ya jino inayofinyangwa moja kwa moja kinywani na kukaushwa kwa mwanga. Mara nyingi huhitaji ziara moja na kuchonga kidogo au kutochonga kabisa. Haidumu kama kauri. Baada ya miaka 5 hadi 7 inaweza kuhitaji kurekebishwa, na hushika rangi ya chai. Lakini ikivunjika inazibwa palepale, na jino la asili bado lipo chini yake. Meno yaliyopandana yanaweza kunyooshwa kwa vyuma vya meno, kazi ya muda mrefu lakini inayoacha meno yote yakiwa mazima.

Nani anaruhusiwa kuigusa enameli ya mwanao

Tanzania ina ngazi tofauti za wataalamu wa kinywa, na mzazi anafaa kuzijua. Tabibu wa meno, mwenye stashahada, hung'oa, huziba na husafisha meno, na ndiye wengi hukutana naye kwanza. Daktari wa meno ana shahada ya chuo kikuu, kama inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Juu yake kuna bingwa aliyesomea zaidi tawi moja, kama kurejesha meno yaliyoharibika. Vinia ni kazi ya daktari wa meno mwenye uzoefu wa kazi hiyo, akishirikiana na maabara inayotengeneza magamba yenyewe. Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kumuuliza daktari namba yake ya usajili si utovu wa adabu, na daktari wa kweli haoni vibaya kuulizwa.

Hatari ipo kwa wasiosajiliwa. Nchini Marekani watu wasio na leseni, wakijiita mafundi wa vinia, wamekuwa wakibandikia wateja meno saluni na hotelini, na mwaka 2024 baadhi yao walikamatwa. Ulaya nako, madaktari wa meno wa Uingereza wameonya kuhusu vijana wanaosafiri Uturuki wakidhani wanakwenda kuwekewa vinia, na badala yake wakawekewa kofia za meno. Kwa vinia huchongwa upande wa mbele. Kwa kofia huchongwa jino lote kuzunguka hadi libaki kama kigingi. Maneno hayo mawili yakichanganywa, aliyetaka kupoteza nusu milimita anapoteza sehemu kubwa ya jino.

Kuna pia meno ya kubandika yanayouzwa mtandaoni, ya kuvaa kama kofia juu ya meno yote. Kama ni ya kuvaa saa chache na kuvua, ubaya wake ni mdogo. Ubaya unaanza pale mtu anapoyashikiza kwa gundi ya dukani. Gundi hiyo inaweza kuunguza fizi, na chakula kinachonasa chini yake huoza pamoja na jino. Mzazi akiyakuta kwenye begi la mtoto, asianze kwa ukali. Aanze kwa kuuliza ni jino lipi alilotaka kulificha.

Hesabu ya safari

Bei ya vinia hutajwa kwa jino moja. Tabasamu la mtu huonyesha meno 6 hadi 10 ya juu, na kuweka kauri kwenye jino moja au mawili kunahitaji fundi hodari ili rangi ilingane na jirani zake. Kwa hiyo mzazi anapotajiwa bei, azidishe kwanza ndipo ashtuke.

Kisha aongeze safari. Kazi hii haiishi kwa siku moja. Kuna ziara ya uchunguzi na eksirei, ya kuchagua rangi na umbo, ya kuchonga na kuchukua alama ya meno, na ya kubandika. Katikati mtu hukaa na vinia za muda wakati maabara inafanya kazi. Kutoka Igowole, huduma za kawaida za meno zipo Hospitali ya Mji Mafinga, na juu yake kuna hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa na ya kanda Mbeya. Kazi ya kauri mara nyingi hupatikana kwenye miji mikubwa, mara nyingine hadi Dar es Salaam. Kila ziara ni nauli, malazi, na siku ambazo duka limefungwa au chai haikuchumwa.

Swali ambalo familia nyingi husahau ni hili: ikibanduka mwezi wa pili, nani ataibandika tena, na wapi? Kijana aliyechongwa meno 8 na kubanduliwa moja hawezi kusubiri mavuno ya mwakani. Jino lililochongwa huuma likiguswa na maji ya baridi, na Mufindi maji ya baridi ni ya kila siku.

Kwa kawaida bima za afya hazilipii huduma za urembo peke yake. Lakini uchunguzi, kuziba jino na kutibu mzizi vinaweza kuwa ndani ya kifurushi. Mzazi aulize hospitalini kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

1. Rangi au kasoro hii imesababishwa na nini?
2. Kuna njia nyepesi zaidi tunayoweza kujaribu kwanza, kama kusafisha, kung'arisha au kompositi?
3. Je, kuna jino lililotoboka au fizi inayoumwa ambayo inatakiwa kutibiwa kabla?
4. Utachonga kiasi gani, na ni vinia au ni kofia?
5. Naomba kuona jinsi meno yatakavyokuwa, kwa kompositi au plastiki ya muda, kabla hayajachongwa. Inawezekana?
6. Bei hii ni ya meno mangapi, na inajumuisha nini?
7. Ikivunjika au ikibanduka, nije wapi, na nitalipa nini?
8. Mwanangu anasaga meno usingizini. Hilo litaathiri nini?

Swali la mwisho lina uzito. Anayesaga meno usiku huvunja kauri, na daktari huenda akamwambia avae kinga ya plastiki anapolala. Na hata asiyesaga, akishawekewa vinia, ataacha kufungua soda kwa meno, kumenya muwa kwa meno ya mbele na kutafuna mifupa. Atapiga mswaki mara mbili kwa siku kama kawaida, kwa sababu kauri haiozi lakini jino lililo nyuma yake linaoza, na huanzia pembeni pale viwili hivyo vinapokutana.

Kwa wadogo walio nyumbani

Wakati mkubwa anasubiri, wadogo wanaweza kulindwa wasifike huko. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha njegere moja, mzazi akisimamia ili ateme na asimeze. Dawa isipewe mtoto bila ushauri wa mtaalamu. Magadi ya kulainishia maharage yatumike kwa uangalifu kwa chakula cha watoto wadogo, kwa kuwa tafiti zilizofanyika kaskazini mwa nchi zimekuta baadhi yake yana floraidi nyingi. Vitu vitamu visiwe vya kutwa nzima.

Na jino la kudumu la mbele liking'oka lote kwa kuanguka, lisitupwe darini. Lishikwe sehemu ya juu, si mzizi. Kama lina uchafu lisuuzwe kwa sekunde chache bila kusuguliwa, lirudishwe kwenye nafasi yake, au liwekwe kwenye maziwa baridi, na mtoto apelekwe hospitali mara moja. Ndani ya saa moja, uwezekano wa kuliokoa ni mkubwa. Jino lake mwenyewe likirudi mahali pake, huenda hatahitaji kauri kamwe.

Kwa kijana mwenye ombi mkononi, hatua ya kwanza ni ndogo na haina kuchongwa: mwambie umemsikia, muulize ni jino lipi na nani alimcheka, kisha mpangie siku ya kwenda Mafinga kuchunguzwa na kusafishwa meno. Ikibainika kwamba baada ya yote bado anahitaji kufunikwa meno, atakwenda akiwa mtu mzima, kwa daktari aliyesajiliwa, akijua anachopoteza na anachopata. Hapo uamuzi utakuwa wake, na meno ya kuamulia atakuwa bado anayo.